Nagombea kiti cha wadi kwa mara ya kwanza, Amu. Niulizeni mapema kabla ya 2027

Mwanzisha uzi

Assalaam aleikum wa Amu, yaani mji wa Lamu, na hamjambo nyote wa Faza, Witu, Hindi na kwengineko mnaopita hapa. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na nimeamua kugombea kiti cha wadi yetu. Sijawahi kugombea chochote serikalini, sijawahi kuwa hata katibu wa tawi la chama. Jina langu mtalisikia mitaani muda si mrefu. Hapa nataka tuzungumzie kazi, ndiyo maana sikubandika picha.

Kwetu mtu huulizwa kwanza ni wa nani, basi nianze hapo. Babangu alikuwa baharia, Mbajuni wa Faza. Mamangu ni mzaliwa wa Langoni, alishona kofia za vito, na karo yangu ilitoka kwenye kofia hizo zaidi ya ilivyotoka baharini. Nilimaliza kidato cha nne hapa kisiwani, nikaenda Mombasa kusomea uhasibu, nikarudi na cheti. Digrii sina, na sitaazima ya mtu. Kwa wanaojiuliza, MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, halazimiki kuwa nayo. Mahakama ilishalitamka hilo kabla ya uchaguzi wa 2022.

Niliporudi nilishika daftari la mnunuzi wa samaki. Baadaye wavuvi wa bandari yetu ndogo wakanichagua mweka hazina wa BMU, kile kikundi cha kisheria kinachosimamia ufuo. Siasa ilinianzia hapo, kwenye mizani.

Alfajiri chombo kikifika, samaki humwagwa sakafuni, tafi huku, changu huku, tewa mkubwa pembeni. Mizani ilikuwa ya tajiri, ile ya saa inayoning'inizwa kwa kulabu, na mshale wake ulikuwa ukianzia nyuma ya sifuri. Kila mtu aliuona. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu tajiri ndiye aliyekopesha nyavu, petroli na barafu, na kusi ikivuma vyombo visitoke, ndiye anayelisha nyumba za watu. Nikapendekeza kikundi kinunue mizani yake. Tajiri akasusa. Wavuvi wakaninunia, na wake zao wakaninunia zaidi. Akaja mnunuzi mwengine kutoka upande wa Malindi, na yule wa kwanza akarudi mwenyewe. Mizani ile bado ipo, na kila mvuvi hupewa kikaratasi chake.

Bajeti ya kaunti naiona hivyo hivyo: sote twajua mshale umeanzia wapi, na sote tuna deni kwa mwenye mizani.

Mwanzisha uzi

Naendelea. Kabla ya sera, tukubaliane juu ya kiti chenyewe, kwa sababu hapa ndipo tunapodanganywa kwa hiari yetu.

Kila uchaguzi twasikia mgombea wa wadi akiahidi kituo cha polisi, walimu wa sekondari, hati za ardhi. Hizo ni kazi za serikali ya kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti zahanati na hospitali zake, maji na usafi, masoko, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, kilimo na uvuvi, taka, mambo ya wanyama, mipango ya miji, vivuko na bandari ndogo. Na hata kwa hayo, MCA hana kitabu cha hundi. Gavana na mawaziri wake ndio watekelezaji. Bunge la kaunti hutunga sheria, hupitisha bajeti na huwasimamia. Lamu tuna wadi 10, kwa hivyo kura yangu itakuwa moja katika kumi za waliochaguliwa, ukiongeza walioteuliwa. Mgombea akiwaambia "nitawajengea jeti ya boti," muulizeni kwa mkono upi.

Bajeti ina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Makadirio huja kabla ya tarehe 30 Aprili. Bunge lapaswa kumaliza kabla ya 30 Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 yataka angalau asilimia 30 iende kwenye maendeleo. Mgao wetu kutoka Nairobi ni miongoni mwa midogo kabisa katika kaunti zote 47, hivyo shilingi ikipotea hapa, pengo lake huonekana haraka kuliko kwa wenzetu wenye mabilioni mengi.

Kuna jambo moja ambalo sijamsikia mgombea yeyote akiligusa. Mpango wa miaka mitano wa kaunti ulioko sasa ni wa 2023 hadi 2027. Bunge litakaloapishwa baada ya Agosti 2027 ndilo litakalopitisha mpango wa miaka mitano inayofuata, na sheria ya serikali za kaunti hairuhusu fedha za umma kutengwa nje ya mpango. Jeti isiyoandikwa humo, hata gavana awe mjomba wako wa damu, itangoja. Kwa hivyo mwaka wa kwanza wa MCA mpya, ule ambao wengi huutumia kununua gari na kujifunza viti vya bunge, ndio mwaka wenye uzito.

Ahadi yangu ya kwanza basi ni hii. Kila Aprili nitachukua kurasa za makadirio zinazotugusa, nitaziweka kwa Kiswahili cha kueleweka, nitazibandika pale samaki wanapopimwa na kwenye mabaraza ya mitaa, na nitazisoma kwa sauti kabla sijaenda kupiga kura bungeni. Mkikataa mstari, nitaupinga. Nikishindwa kuupinga nitawaambia nani alipiga vipi.

Mchangiaji wa Langoni

Dada yangu, hongera kwa ujasiri. Lakini tuseme ukweli. Mtu akifiwa, mgonjwa akihamishiwa Mombasa, mtoto akikosa karo, mheshimiwa ndiye anayepigiwa simu. Wewe wasema utatusomea makaratasi. Utakuja matangani mkono mtupu?

Mwanzisha uzi

Nitakuja matangani kama nilivyokuwa nikija siku zote, nitakaa na akina mama jikoni, na rambirambi yangu italingana na mfuko wangu. Mshahara wa MCA hauwezi kulipa nauli za wagonjwa wa wadi nzima, karo za wadi nzima na sanda za wadi nzima. Anayezilipa zote, muulizeni alikozitoa. Akiwa amezitoa kwa mkandarasi wa zahanati, basi ile zahanati yenye nyufa ndiyo iliyolipa harambee yenu.

Kuhusu mgonjwa, hili ni la kaunti kabisa, na nalishikilia. Mama anayejifungua usiku katika kijiji cha ng'ambo huanza kwa kutafuta boti, kisha petroli ya boti, kisha nahodha aliye macho. Boti ya wagonjwa ikiwepo bila mafuta ni pambo. Nataka mafuta na nahodha wa zamu viandikwe kwenye bajeti ya afya kama mstari wao wenyewe, visifichwe ndani ya "gharama nyenginezo," ili mtu aweze kuuliza mwezi wa tatu pesa zimekwenda wapi.

Basari ya sekondari sitaahidi. Elimu ya sekondari ni ya serikali ya kitaifa. Kaunti ingeangalia vizuri chekechea na vyuo vya ufundi, vijana wetu wangejua kutengeneza injini za boti hapa hapa badala ya kuzisafirisha Mombasa.

Mchangiaji wa Langoni

Umejibu vizuri, lakini hujui watu wetu. Wataila pilau ya mwenzako na kura watampa yeye.

Mwanzisha uzi

Waile. Pilau ni nzuri.

Kijana wa bodaboda

Mimi swali langu fupi. Pikipiki. Taja wazi, usizunguke: wataka tutoke mjini?

Mwanzisha uzi

Ndiyo, katika mji wa kale. Kakangu, nakujibu wazi kama ulivyoniuliza.

Sababu zangu. Vichochoro vyetu vilijengwa kwa mtu na punda. Kuna mahali punda mwenye shehena ya mawe akipita, wewe wajibana ukutani. Sasa weka pikipiki yenye kasi, weka watoto wanaotoka madrasa wakati mmoja, weka mama mwenye buibui na ndoo. Pia mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na mgeni haji Amu kusikia honi. Honi anazo kwao. Uchukuzi wa ndani ni kazi ya kaunti, kwa hivyo hapa MCA ana la kufanya kweli, hawezi kusingizia Nairobi.

Lakini sisemi mkale wapi shauri yenu. Nataka stendi rasmi pembezoni mwa mji, na barabara za nje kama ile ya Matondoni zitengenezwe zipitike hata mvua ikinyesha. Kazi yenu iko huko, kwa safari ndefu ambazo zingemchosha punda bure. Mji wa mawe na ukingo wa bahari uachiwe miguu, punda na mikokoteni.

Kijana wa bodaboda

Basi kura yangu umeikosa, na za wenzangu. Sisi hatukuchagua pikipiki kwa starehe. Uvuvi umekwisha, bandari kubwa ya Lamu ilipokuja tuliambiwa kazi, kazi hatukuziona. Mimi nalipa mkopo wa pikipiki kila wiki. Hiyo barabara ya Matondoni ina abiria wangapi?

Mama wa Mkomani

Mimi si wa siasa. Lakini mwaka jana nilishikwa na kifua usiku, na aliyenifikisha hospitali ya King Fahd ni kijana wa pikipiki, hakunitoza hata shilingi. Punda angenifikisha kwa maziko. Mwanangu, na hilo ulifikirie.

Mwanzisha uzi

Mama, shikamoo, na Mwenyezi Mungu akuzidishie afya. Mgonjwa apite na chochote, saa yoyote, na iandikwe hivyo ndani ya sheria yenyewe ili askari wa kaunti asimsimamishe mtu njiani.

Kakangu wa bodaboda, swali la abiria wangapi ni swali zuri na sina jibu la kukuridhisha leo. Idadi ya pikipiki na safari zenu mwazijua nyinyi wenyewe. Msimamo wangu juu ya mji wa kale haubadiliki, ila stendi ziwe wapi na nani apewe kazi ya kubeba mizigo ya kutoka jeti, hayo hayawezi kuamuliwa bila nyinyi.

Msomaji wa Malindi

Naingilia kutoka Malindi, samahani kwa wenyeji. Hata sisi tuna mkanganyiko huu. Watu waenda kumlilia MCA taka hazikuzolewa, MCA anasema ni manispaa, manispaa wanasema ni kaunti. Zamani ulikuwa na diwani na meya, ukijua wa kumtukana. Huku kwenu yakoje?

Mwanzisha uzi

Karibu jirani. Ni yale yale. Mabaraza ya miji yenye madiwani na meya yalikwisha na uchaguzi wa Machi 2013. Siku hizi manispaa husimamiwa na bodi kwa mujibu wa sheria ya miji ya 2011, na wajumbe wake hawasimami kwenye debe la wananchi kama MCA. Kwa hivyo mwenye kuzoa taka si mtu uliyempigia kura, na uliyempigia kura si mwenye gari la taka. Dawa yake ni bunge: pesa za manispaa hupitishwa bungeni, na kamati ya bunge yaweza kuiita bodi ijibu hadharani. Nitataka iitwe kila robo ya mwaka, na wananchi wakae nyuma wasikilize.

Taka zetu zina wanyama ndani yake pia. Punda wa Amu akimaliza kubeba saruji huachiliwa ajitafutie, na anachokipata ni lundo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017 lakini chupa na nailoni zimebaki, na punda hula. Hapa Amu ndipo lilipoundwa lile jahazi la plastiki iliyosagwa, Flipflopi, likaonyeshwa dunia nzima. Watu wa kuigeuza taka kuwa kitu tunao. Kinachokosekana ni mahali pa kuikusanya penye ukuta na mlinzi, na ratiba ya punda wa taka inayolipwa kwa wakati. Nasema punda wa taka kwa sababu gari haliingii vichochoroni, na mwenye punda asipolipwa miezi mitatu huenda kubeba mchanga wa mwenye hoteli, naye hana kosa.

Mvuvi wa ng'ambo

Dadangu wewe umekaa BMU, basi utujibu sisi. Fidia. Mahakama ilisema tangu 2018. Kila mgombea anakuja na wimbo wa fidia. Wako ni upi?

Mwanzisha uzi

Wangu hauna wimbo. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2018 wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari. Gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021. Deni hilo ni la serikali ya kitaifa na mashirika yake. MCA hawezi kulilipa, na anayesema ataleta hundi mumwambie aanze na mdomo wake. Uvuvi wenyewe lakini ni wa kaunti, na hapo nina mambo mawili kwa vichwa vyenu. Barafu: samaki aliyevuliwa usiku asipopata barafu kabla ya jua kupanda, bei huamuliwa na yule anayekusubiri nayo. Na njia za vyombo: meli zimewasukuma nje kwenye maji makubwa, na wengi bado mna mashua za miamba. Mafunzo, injini na redio za mawasiliano ziende kwa wanaovua, majina yasomwe mbele ya BMU. Nimeona orodha zenye wavuvi wasiojua kuogelea.

Mvuvi wa ng'ambo

Hahaha. Hao twawajua.

Mchangiaji wa Shela

Hujataja maji. Mwaka huu visima vya kwetu vimekuwa na chumvi hadi yaonjeka kwenye chai.

Mwanzisha uzi

Nilikuwa nayangojea, kwa sababu kwangu hili lazidi hata pikipiki.

Maji matamu ya mji wa Amu yatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hunyesha, mchanga huinywa, na maji hukaa chini kama tabaka lililoelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Hakuna mto, hakuna ziwa, ni hilo tabaka tu. Ukivuta kwa pampu haraka kuliko mvua inavyorudisha, chumvi hupanda kutoka chini. Ukijenga juu ya vilima, ukachimba mashimo ya choo na kuusawazisha mchanga, wapunguza kinachoingia na wachafua kilichomo. Kisima kikishaingia chumvi hakirudi mwaka mmoja.

Kwa hivyo msimamo wangu: vilima visijengwe, kwa mwenyeji wala mgeni, kwa maskini wala mwenye pesa. Mipaka ya eneo la maji ipimwe upya, viwekwe vigingi vya saruji vinavyoonekana, na ramani ibandikwe hadharani. Mipango ya ardhi ya mji ni kazi ya kaunti, na kibali cha ujenzi hutolewa na binadamu mwenye jina na sahihi. Nitaomba vibali vyote vya upande ule viletwe bungeni. Najua baadhi ya viwanja vile vimeshauzwa na kuuziwa tena, na waliouza ni watu tunaoswali nao safu moja. Wameshanipigia simu wawili watatu, kwa upole sana.

Pili, tuyarudie mabirika. Nyumba za wazee wetu zilikuwa na birika la mvua. Siku hizi twaezeka bati na maji yote yaenda mtaroni. Kila zahanati, chekechea na soko la kaunti lijengwe na birika lake, na liandikwe kwenye mkataba wa ujenzi tangu mwanzo.

Mzee wa baraza

Masalkheri. Nimesoma yote, mjukuu wangu amenisomea. Binti, mumeo yuasemaje? Na mbona usingoje viti maalumu vya wanawake?

Mwanzisha uzi

Masalkheri mzee wangu. Mume wangu ndiye aliyeniambia niandike hapa nisimalizie maneno yote kwake. Viti maalumu hutoka kwenye orodha za vyama, nami nagombea kama mgombea huru. Na aliyeteuliwa hana wadi ya kumuuliza maswali kama haya mnayoniuliza.

Mfuatiliaji wa siasa

Hapo kwenye huru ndipo penye tatizo. Kamati za bunge hugawanywa kwa nguvu za vyama. Utaingia peke yako, hutapewa kamati ya bajeti, na mizani yako itabaki sokoni. Pia, unajua masharti?

Mwanzisha uzi

Masharti nayajua. Sahihi za wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hii, na usiwe mwanachama wa chama chochote angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ada iliyotozwa 2022 ilikuwa shilingi 5,000, nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Pesa zinazohitajika baada ya hapo ndizo zinazotisha.

Kuhusu kamati, umesema kweli na sina la kukupinga. Chama kimoja kilinijia. Walitaka niwape jibu juu ya vilima vya Shela kabla hawajanipa jibu juu ya tiketi, nikaona tumeshaelewana. Bila chama nitakuwa dhaifu kwenye kugawana kamati, lakini kura ya bajeti hupigwa na bunge zima, na katika bunge dogo kama letu kura moja isiyo na bwana hutafutwa na kila upande. Nitaiuza ghali: mstari wa boti ya wagonjwa, vigingi vya Shela. Mbele ya watu, kwa bei inayojulikana.

Mfuatiliaji wa siasa

Hapo umeanza kuzungumza kama mheshimiwa.

Kijana wa bodaboda

Nimerudi. Nimeonyesha wenzangu uzi huu. Wengi wamekutukana, lakini wawili wameuliza stendi zenyewe zitakuwa wapi. Ukisema "pembezoni" tu ni maneno. Leta ramani.

Mwanzisha uzi

Njooni Ijumaa baada ya Alasiri, pale tunapopimia samaki. Nitaleta karatasi kubwa na kalamu. Nyinyi mje na idadi ya pikipiki na mahali abiria wanaposhukia. Na yule aliyenitukana kwa mamangu aje pia, mama ana maswali naye.